Anayelipia Swali

Hotuba kwa viongozi na wahasibu wa asasi za kiraia za Kanda ya Ziwa, Mwanza. Salamu nimezipunguza, na mwishoni nimeongeza jibu la swali moja lililoulizwa ukumbini.

Ndugu Mwenyekiti, wakurugenzi, wajumbe wa bodi, wahasibu, watafiti wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa. Mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie uendeshaji na utafutaji wa fedha katika taasisi ya utafiti wa sera isiyofanya kazi kwa faida. Najua mada hii inavyosikika mara baada ya chai. Watafiti ndio wanaoitwa kwenye televisheni. Sisi tunaitwa jenereta likizima au mtu asiporejesha masurufu, zile fedha alizotangulizwa za kazi. Mimi nafanya kazi zote mbili, nasimamia ofisi na natafuta fedha, na wapo wanaonihurumia kwamba sijapewa msaidizi. Msinihurumie. Kwangu hiyo ni kazi moja, na nitawaeleza sababu yake kwa kuanzia hapa jirani, Kirumba Mwaloni.

Wote mnaujua mwalo ule. Dagaa wa Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine wanashuka pale, wanafungwa kwenye viroba, wanapakiwa kwenye malori kwenda Rwanda, Burundi, Kongo. Sasa chukulieni kwamba mwaka huu wamekuja watu watatu wenye fedha za utafiti kuhusu ziwa hili. Wa kwanza ni wa uhifadhi: anataka kujua nyavu haramu ni ngapi na sangara wa chini ya sentimita 50 wanapitia wapi. Wa pili anatoka kwenye viwanda vya minofu: anataka kujua kwa nini samaki wanaofika kiwandani wamepungua. Wa tatu ni wa lishe: anataka kujua watoto wa kisiwani wanakula nini. Hakuna swali baya hapo. Lakini mama anayeanika dagaa mchangani ana swali lake. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo wakati wa masika, dagaa wanaoza, wanauzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Hasara ile anaibeba nani? Na kama kila mtu anajua kwamba vichanja vya kuanikia juu ya ardhi vinasaidia, mbona havienei?

Hilo ni swali la sera hasa. Ndani yake kuna ushuru wa halmashauri, kuna nani mwenye ardhi ya mwalo, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudi mwaka uliofuata. Mwanamke aliyekuwa katikati ya kujenga kichanja alifanya nini katika kipindi kile? Sijaona mfadhili aliyekuja mlangoni na fedha za kuuliza hivyo. Swali lisilo na wa kulilipia haliulizwi, na lisipoulizwa halifiki mezani kwa Kamati ya Bunge. Mtaona basi kwamba anayetafuta fedha katika taasisi kama zetu ndiye, kwa vitendo, anayeamua nini kitajulikana kuhusu ziwa hili na nini hakitajulikana. Ni mamlaka makubwa kuliko cheo chake kinavyoonyesha, na mara nyingi anayatumia bila kujua.

Kwa hiyo mimi fedha nazigawa mafungu mawili tu. Kuna fedha zinazokuja na swali lake tayari, na kuna fedha zinazotuacha tuchague swali. Za kwanza ni nyingi na nazipokea bila aibu, zinalipa mishahara. Za pili ni chache mno, na kazi yangu ya kweli ni kuzizalisha, kuzilinda na kuzitumia kwa ubahili.

Tufanye hesabu kidogo, wahasibu mtanivumilia. Umoja wa Ulaya hukubali gharama zisizo za moja kwa moja, yaani zile za kuendesha ofisi, zisizozidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Tuseme gharama hizo za moja kwa moja ni shilingi milioni 100. Asilimia 7 ni milioni 7. Mhasibu wa mshahara wa milioni moja na nusu kwa mwezi mnamlipa mpaka mwezi wa nne. Wa tano hamumalizi. Hapo bado mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, bado tozo ya kuendeleza ujuzi ya asilimia 3.5 kama mna wafanyakazi 10 au zaidi, bado mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, bado pango, umeme, intaneti, ada ya mkaguzi wa hesabu na vikao vya bodi. Mfadhili huyohuyo anataka hesabu zilizokaguliwa na hati safi. Anataka matunda ya mhasibu bila kumlipa mhasibu.

Wapo waliobadilika. Ford Foundation waliongeza kiwango chao kutoka asilimia 10 hadi 20, kisha 25. Serikali ya Marekani nayo ilipandisha kiwango cha chini kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Tulishangilia sana ofisini. Miezi michache baadaye, Januari 2025, misaada ikasimamishwa, na ilipofika Julai USAID yenyewe, shirika lao la misaada, haikuwepo tena. Asilimia 15 ya sifuri, mnalijua jibu lake.

Lakini msikae mkisubiri wafadhili wawe na huruma. Sehemu kubwa ya hizi tunazoita gharama za ofisi zinaweza kuandikwa ndani ya bajeti ya mradi kama gharama za moja kwa moja, kwa haki kabisa, mkiwa na ushahidi. Mhasibu akitumia siku sita za mwezi kwenye mradi wa uvuvi, siku hizo ni za mradi wa uvuvi. Kinachotakiwa ni karatasi ya muda wa kazi iliyojazwa wiki hiyohiyo (siyo Desemba, kwa kalamu moja, mwaka mzima, mkaguzi anaiona hata akiwa kwenye ngazi) na sera ya mgawanyo wa gharama iliyopitishwa na bodi. Pango mnaligawa kwa idadi ya watu au kwa mita za mraba, mnachagua njia moja na mnabaki nayo. Asasi nyingi za kanda hii nilizoona bajeti zake zinaficha gharama hizi kwa hofu kwamba andiko litaonekana ghali. Matokeo yake ni kwamba kila mradi mpya unawaongezea umaskini, halafu mkurugenzi anashangaa kwa nini asasi inakua na mishahara inachelewa.

Kuna wakati mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2008 ulianzishwa mpango mkubwa wa kusaidia taasisi za utafiti wa sera katika nchi zinazoendelea, ukisimamiwa na IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, kwa fedha za wakfu za Hewlett, Gates na wengine. REPOA na ESRF, taasisi za utafiti za hapa kwetu, zilikuwamo. Fedha zile zilikuwa za uti wa mgongo: taasisi ilijichagulia ajenda, ikaajiri watafiti wakubwa kwa muda mrefu, ikajenga maktaba na mifumo ya hesabu. Mpango ukaisha mwaka 2019. Uingereza nayo ikapunguza misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Sizisemi habari hizi kwa kulia. Nazisema kwa sababu bado naona maandiko yanayoandikwa kana kwamba tuko 2012.

Nirudi kwenye fedha huru, maana hapa ndipo uendeshaji na ubora wa utafiti vinapokutana, na pengine hamjawahi kusikia mtu wa fedha akizungumzia mwezi angani.

Mvuvi wa dagaa anavua gizani, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola na betri. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inavutwa pwani, wavuvi wanapumzika, wengine wanavuka maji kwenda kwao. Kwa mtafiti hiyo ndiyo kalenda. Ukimtaka mvuvi akae nawe saa nzima ajibu dodoso, mfuate mbalamwezi inapoanza, kabla hajaondoka. Ukitaka kuona bei, uzito na nani anamlipa nani, nenda gizani, alfajiri mitumbwi inapoingia. Ukipeleka wadodosaji wakati wa giza, saa nne asubuhi, mvuvi amelala. Utamhoji aliyeko macho, naye ni mwenye duka. Ripoti itatoka nzuri tu, ina jedwali na rangi, na itakuwa ripoti ya maoni ya wenye maduka.

Sasa mfadhili haendi kwa mwezi. Anakwenda kwa robo mwaka. Awamu ya pili ya fedha inaingia baada ya ripoti ya awamu ya kwanza kukubaliwa, na mara ikiingia anataka itumike kabla robo haijafungwa. Kama taasisi haina shilingi yake yenyewe ya kuitanguliza, watafiti wataingia kisiwani siku benki iliyosoma, siyo siku mvuvi yupo. Akiba ya miezi mitatu ya matumizi inawapa watafiti wenu sampuli sahihi. Nilipowaeleza hivyo wajumbe wa bodi yetu, wale waliokuwa wakiona akiba ni fedha zilizolala ndio wakawa wa kwanza kuidai kwenye kila bajeti.

Ziwa lina mengine pia. Mji huu hauhitaji kuelezwa habari za kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Kwenye bajeti zetu maboya ya kujiokolea na bima ya wadodosaji vina mstari wake. Tuliwahi kuulizwa na ofisa wa mfadhili kama mstari huo ni wa lazima. Tukamjibu kwa heshima, na mstari umebaki. Nafuu imepatikana upande wa Sengerema: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, posho ya siku tuliyokuwa tunaitenga kwa ajili ya foleni ya kivuko tumeifuta. Wadodosaji hawakufurahi sana.

Halafu kuna karatasi. Kabla hujamuuliza mtu swali la kwanza unahitaji barua ya mkoa, ya wilaya au halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha wa kijiji au mtaa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023, majina na namba za simu za mliowahoji siyo mali ya kuachwa kwenye kompyuta ya kila mtu. Mkataba wa ruzuku unaozidi shilingi milioni 20, kwa kanuni za mwaka 2018, unapelekwa Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10. Hesabu zilizokaguliwa zinakwenda kwa Msajili kila mwaka. Na kwa wale wanaodhani cheti cha NGO ni msamaha wa kodi: siyo. Hadhi ya hisani mnaiomba kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kivyake, na kuipata ni safari nyingine.

Naona vijana wanasinzia, lakini hapa pana kisa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali. Benki ya Dunia ikasema wazi kwamba ina wasiwasi, na mwaka 2019 kifungu hicho kikarekebishwa tena. Katika ule mwaka wa katikati, taasisi za utafiti ziligundua haraka nani ana kumbukumbu na nani hana. Aliyekuwa na barua zote, mpango wa sampuli, madodoso ghafi na orodha ya wadodosaji aliweza kukaa mezani na ofisa yeyote na kuonyesha namba yake imetoka wapi. Aliyekuwa na ripoti nzuri tu, bila faili nyuma yake, alikuwa na maoni. Nalitunza faili la kila utafiti kwa wivu kwa sababu hiyo. Pia kwa sababu ushahidi una bei nje ya nchi: mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu ya uvuvi, mlango haukufunguliwa kwa hotuba. Ulifunguliwa kwa ukaguzi na vipimo.

Fedha huru zitoke wapi basi? Mafunzo ya kulipia, kazi za ushauri kwa halmashauri na miradi, kukodisha ukumbi, ada za wanachama, watu wa hapa wanaochangia. Kila kimoja ni kidogo. Kazi ya ushauri niionye kidogo: inaleta shilingi na inakula watafiti. Kwetu mtafiti hatumii zaidi ya theluthi ya mwaka wake kwenye kazi za kulipiwa na mteja, na faida ya kazi hiyo inakwenda kwenye akiba moja kwa moja, haipitii kwenye posho. Nao waliosema Watanzania hawachangii hawajawahi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Tunachanga, tena kwa ahadi na tarehe ya mwisho. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwomba mfanyabiashara wa Mwanza achangie swali.

Ingawa zamani watu wa huku waliligharamia swali lao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na lalamiko moja kubwa: mizani ya wanunuzi inawaibia. Kila mtu alilijua, hakuna aliyekuwa na namba. Wakaanza kuweka wapimaji wao, pamba ipimwe kwanza kabla ya kumfikia mnunuzi, ili uzito wa mkulima usimame mbele ya uzito wa duka. Kutoka kwenye harakati hizo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Swali lilikuwa la wakulima, kipimo kilikuwa cha wakulima, na matokeo yalibadilisha nani anaruhusiwa kununua pamba. Hakuna aliyeliita utafiti wa sera.

Sidanganyi kwamba dodoso la mikoa sita litalipwa kwa michango ya wakulima na wavuvi. Halilipiki. Lakini tuliporudi kwenye mialo na kusema utafiti wa uanikaji wa dagaa umeanza kwa michango ya wenye mashine za barafu, wasafirishaji na vikundi vya wanawake wenyewe, hata kama ni sehemu ndogo ya bajeti, mazungumzo na mfadhili mkubwa yalibadilika. Hakuja kutuandikia swali. Alilikuta limeshaandikwa, akachagua kuongeza au kuondoka. Aliongeza.

Nimemaliza muda wangu na nimeingia wa mwenzangu. Asanteni.

Baada ya hotuba, mkurugenzi mmoja kutoka Geita alisimama: kiwanda cha samaki kikitupa fedha tutafiti hali ya mialo, tukatae?

Nilimjibu kwamba siyo lazima. Nitaomba viwanda vichangie kwa pamoja, kupitia umoja wao, asiwe mmoja peke yake. Nitaweka kwenye mkataba kwamba matokeo yatachapishwa yakiwa vyovyote yatakavyokuwa, kwamba mchangiaji ataiona rasimu siku ileile atakayoiona ofisa uvuvi wa wilaya, na kwamba dodoso linapitishwa na jopo ambalo ndani yake wamo watu wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi. Jina la mchangiaji litakuwa ukurasa wa kwanza, kwa maandishi ya kawaida, siyo yale ya mchwa. Na fedha hizo zisizidi kiasi ambacho tukikikosa kesho bado tunafungua ofisi. Wakikataa kipengele cha kuchapisha, tunaaga.

Akauliza tena, na ukumbi ukacheka: na kama ndiyo fedha pekee mwaka huo?

Basi mwaka huo mnafanya utafiti wa mezani. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zipo bure, bajeti za halmashauri zinaombwa, kumbukumbu za Bunge zipo. Mnabaki na mhasibu na mtafiti mmoja, mnawalipa kutoka kwenye akiba, mnaandika kuhusu ile asilimia 10 ilikwenda wapi. Dodoso la mwaloni linasubiri mbalamwezi ya mwaka mwingine.